Kitongoji Kilichoutangulia Mji: Matembezi ya Siku Moja toka Kunduchi hadi Kivukoni

Wakazi walio wengi wa Dar es Salaam wamezoea kuamini kuwa mji huu ulianzia katikati, pale Kivukoni, kisha ukatanda kidogo kidogo kama maji ya bamvua, ukaifunika Kariakoo, ukaifikia Magomeni na Kinondoni, ukavuka Chang'ombe hadi Temeke, na mwisho ukayakumba mashamba ya minazi na mikorosho ya Kunduchi, Tegeta na Mbagala, ambayo hadi juzi yalihesabiwa kuwa ni shamba tu. Kwa hesabu ya barabara, maghorofa na hati za viwanja, imani hiyo ina ukweli wake. Lakini kwa hesabu ya miaka imepinduliwa juu chini. Kunduchi, ambayo leo ni kata mojawapo ya Wilaya ya Kinondoni, ilikuwa na msikiti wa mawe, na mafundi wa chokaa, na jamaa wenye ukwasi wa kununua vyombo vya Uchina, zaidi ya karne tatu kabla Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, hajaamuru nyumba yake ya kwanza ijengwe kando ya bandari ya Mzizima katika miaka ya 1860. Kitongoji ni kizee, na mji ni mjukuu wake.

Nayatanguliza maneno haya kwa sababu matembezi ninayokusudia kuyaeleza, ya siku moja pamoja na mwongozaji, baina ya magofu ya Kunduchi na majengo ya kale ya katikati ya mji, aghlabu hufanywa kinyumenyume. Mgeni hutolewa hotelini asubuhi kungali na ubaridi, akazungushwa Posta na Kivukoni, akaonyeshwa makanisa na sanamu, na magofu yakaachwa hadi alasiri, wakati ambapo jua limekwisha kumchosha na foleni ya Barabara ya Bagamoyo imekwisha kumkasirisha; akifika huko hupiga picha mbili tatu, akauliza choo kiko wapi, na safari ikawa imekwisha. Mpango huo humfanya adhani kuwa ameuona mji kisha akaongezewa kipande cha pori. Lakini mtu akianza Kunduchi saa mbili asubuhi, akashuka mjini adhuhuri, mambo hujipanga kwa umri wao: huona kwanza kazi ya watu wa mwambao walipokuwa wakijitawala, kisha kazi ya Sultani, kisha ya Mjerumani, kisha ya Mwingereza, na kila jengo jipya huwa limepata pa kulinganishwa.

Wala siandiki kwa ajili ya wageni hasa. Hao wana makampuni yao na vitabu vyao. Nawaandikia wenyeji wa Mwananyamala na Mtoni kwa Azizi Ali, ambao wamepita njia panda ya Kunduchi mara zisizohesabika wakienda harusini au ufukweni siku ya Idi, na hawajapata kuingia kule ndani.

Kufika si taabu. Daladala za Tegeta na Bunju hupita Barabara ya Bagamoyo mchana kutwa. Abiria hushuka Mtongani, takriban kilomita 20 kaskazini mwa kitovu cha mji, kisha bajaji au bodaboda humteremsha kuelekea pwani. Njiani ataona jinsi ardhi ya huku inavyoliwa kwa mikono, kwa kuwa Mtongani ni mahali mashuhuri kwa kokoto, na kwa miaka mingi wanawake na wanaume wamekaa chini ya vibanda vya makuti wakiponda jiwe kwa nyundo ili wengine wajenge. Mwongozaji mwenye akili husimama hapo kwanza, kabla ya kufika kwenye magofu, awaambie watu walitazame jiwe lile vizuri. Ni mabaki ya matumbawe ya kale, yaliyokuwa chini ya bahari zamani ambazo hapakuwa na binadamu wa kuzihesabu. Na ndugu yake, tumbawe linalotolewa majini, ndilo atakalolikuta katika kuta za msikiti na tena, jioni, katika kuta za Kivukoni.

Magofu yenyewe yamo ndani ya uwanja wa miti, na miti inayotawala pale ni mibuyu. Ipo iliyoota baina ya makaburi na mingine iliyoyakumbatia hata mizizi ikainua ukingo wa kaburi na kulipasua, na watunzaji wa mambo ya kale hujikuta katika fadhaa kila wanapofikiri kuikata, maana mbuyu nao una haki yake ya ukongwe. Msikiti umebaki kuta bila ya paa. Wataalamu huuweka katika karne ya 15 au ya 16, na kuta zilizosalia zatosha kuonyesha mpango wake: ukumbi wa sala, na mihirabu upande wa kaskazini, kwani kwa sisi wa mwambao huu Makka iko kaskazini, jambo ambalo mgeni wa Ulaya, aliyezoea kusikia kuwa Waislamu huelekea mashariki, hulishangaa daima.

Hapo mwongozaji mwema hatazungumza sana. Atawaachia watu nafasi ya kuzunguka, kisha atawaita kwenye ukuta mmoja, awaambie waweke viganja. Jiwe lina vitundu vidogo vidogo, vilivyopangwa kwa ukaribu na usawa usioweza kuwa wa bahati nasibu. Kila kitundu kilikuwa maskani ya mdudu wa baharini. Mafundi wa kale walijua aina mbili za mawe haya. Lile gumu la nchi kavu, ambalo huvunjwa vipande visivyo na umbo, walilitumia kujazia kuta. Na lile laini linalotolewa hai chini ya maji walilichonga lingali bichi, maana wakati huo hukatika kwa shoka dogo bila ya ushindani, ilhali likishapigwa na jua na upepo huwa gumu. Kwa hiyo pembe za milango, matao na mihirabu, mahali panapotaka ustadi na mstari ulionyooka, zilifanywa kwa tumbawe bichi. Chokaa ya kuyaunga mawe hayo nayo ilitoka baharini: magogo ya miti hupangwa kwa duara, vipande vya matumbawe vikalundikwa juu, moto ukatiwa na ukaachwa uwake hadi lundo lote liwe jeupe, kisha maji ya mvua au ya mtungi yakalivunja likawa unga. Mwambao mzima ulijengwa hivyo, toka Lamu hadi Kilwa, na mafundi wanaoijua kazi hiyo hawajaisha, ingawa saruji ya kiwandani imewapunguzia wateja.

Nimesema mwongozaji mwema hatazungumza sana, na sina budi kuongeza kuwa wapo wa aina nyingine. Nimepata kumsikia mmoja, ambaye si haja kumtambulisha, akiwaeleza wanafunzi kuwa kila shimo katika magofu lilikuwa la kufungia watumwa, na kila kaburi refu ni la jitu. Biashara ya watumwa ilikuwapo katika mwambao huu, nayo ni dhuluma kubwa isiyohitaji kutiwa chumvi. Lakini kisima cha kutawadhia ni kisima cha kutawadhia, na mtoto akishadanganywa juu ya kisima hataamini tena anapoambiwa habari za watumwa zilizo za yakini. Laiti kila mwongozaji angejifunza kusema kuwa jambo hili halijulikani, wasikilizaji wake wangempa taadhima zaidi.

Kilichoipa Kunduchi jina miongoni mwa wasomi ni makaburi yake ya nguzo. Kaburi la nguzo ni jambo la pwani ya Afrika Mashariki; mtu hawezi kulikuta kwa umbo hili Arabuni wala Uajemi, naye atalikuta Malindi, Gede, Kaole, Tongoni na hapa. Ni kaburi lililozungushiwa ukuta mfupi wa mawe, na upande wa kichwani pakasimamishwa nguzo ndefu, ya duara au ya pembe, na katika mwili wa nguzo, au katika paji la ukuta, pakapachikwa mabakuli na sahani za kaure. Mengi ya makaburi ya Kunduchi ni ya baada ya msikiti, hususan ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, jambo linaloonyesha kuwa msikiti ulipokwisha kuachwa, watu wa hapa hawakuacha kuzikana kwa heshima, wala uwezo wa kununua vyombo haukuwa umewakimbia.

Msomaji akisimama mbele ya nguzo moja kati ya hizo, aangalie kwa karibu. Chokaa ya nje imebanduka mahali pengine ikaonyesha jiwe. Kimo cha mtu kupanda juu kuna shimo la duara, la kina cha nusu kiganja, na ukingo wake umechimbuliwa chimbuliwa kwa kitu chenye ncha. Hapo palikuwa na bakuli, na mtu alilibandua akaenda nalo. Katika shimo la pili mwizi hakufanikiwa: bakuli lilivunjika mikononi mwake, na kitako chake, kile kiduara cha chini kinachokaa mezani, kimebaki kimeng'ang'ania chokaa, na katikati yake kuna doa la buluu lililofifia kidogo tu. Watu huuliza kwa nini vyombo viliwekwa makaburini. Wengine husema ni pambo, wengine husema ni dalili ya utajiri wa marehemu, na wengine husema kuwa kaure hukinga husuda. Nami naona hakuna sababu ya kuchagua jibu moja, maana watu wa leo nao huweka marumaru na vigae juu ya makaburi ya wazee wao bila ya kueleza nia zao kwa maandishi.

Vyombo hivyo havikuletwa na Wachina wenyewe, kwa sehemu kubwa. Ni kweli kuwa majahazi makubwa ya amiri wa Kichina Zheng He yalifika mwambao wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 15, na kuwa ujumbe wa Malindi ulipeleka twiga hadi Uchina. Lakini biashara ya siku zote ilipita mikononi mwa wengi, toka Uchina hadi Bara Hindi, toka Khambat na bandari za Ghuba hadi huku, ikisukumwa na kaskazi na kurudishwa na kusi. Kwa wingi wa vipande vya kaure vilivyotapakaa baina ya Dar es Salaam na Kilwa, mtaalamu wa Kiingereza Mortimer Wheeler, aliyeutembelea mwambao mwaka 1955, alisema kuwa hajapata kuona vingi kiasi hicho maishani mwake. Na huku zilikotoka shehena za kulipia, yaani pembe za ndovu, ngozi, ambari na boriti za mikoko, palikuwa na madalali, mabaharia, mafundi na makadhi wa hapa hapa. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji uliokwisha kustaarabika, wala hakuustaajabia kama ajabu ya porini. Aliueleza kama alivyoieleza miji mingine ya Kiislamu aliyoipita.

Hapa ndipo huzuka swali ambalo kila kundi la wazuru huliuliza, nalo ni hili: nani aliyajenga? Katika zama za ukoloni jibu lilikuwa jepesi. Palipo na jiwe lililochongwa, husema mwandishi wa wakati huo, pana Mwarabu au Mwajemi, na Mwafrika alikuwa mbebaji. Fikira hiyo imechakaa mbele ya ushahidi wa ardhini. Mark Horton, alipochimba Shanga katika kisiwa cha Pate, alikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya 8, ndani ya kijiji cha watu wa hapa. Na Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alionyesha, kwa vyungu na mabaki ya tanuri za chuma, kuwa wakulima na wahunzi wa mwambao wa Tanzania walikuwa wakiishi na kufanya biashara ya ng'ambo muda mrefu kabla ya msikiti wowote. Walakini hadithi za Washirazi, ambazo wazee wetu walizishika na baadhi ya wasomi wakazicheka, nazo hazikuwa upuuzi mtupu. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya mwambao na karibu yake baina ya mwaka 1250 na 1800, na matokeo yake yalikuwa kwamba kwa upande wa mama asili yao ni ya Kiafrika kwa sehemu kubwa mno, na kwa upande wa baba wengi wao walikuwa na damu ya Uajemi, iliyoingia kuanzia karibu na mwaka 1000. Bibi alikuwa wa hapa, babu alikuja na upepo, na watoto wao ndio waliojenga. Sioni kwa nini jibu hilo limfadhaishe mtu yeyote.

Kabla ya kuondoka, wenye miguu mizima hupelekwa hadi ufukweni, mahali ambapo bahari nayo inaandika tarehe yake. Pwani ya Kunduchi imeliwa kwa miongo mingi; hoteli ya Africana, iliyokuwa na sifa kubwa katika miaka ya 1970, iliangushwa na mawimbi. Lawama haiko kwa bahari peke yake. Mito midogo ya Tegeta na Mbezi ndiyo iliyokuwa ikileta mchanga wa kuulisha ufukwe, na mchanga huo ulichotwa kwa malori ukajengewe nyumba za mjini, hivyo pwani ikakosa chakula chake. Basi mtu anayesimama mbele ya msikiti uliosimama karne kadhaa na kando yake akakumbuka hoteli iliyodumu miaka michache, ana haki ya kuuliza ni nani kati ya wajenzi hao wawili aliyekuwa na elimu ya mahali hapa.

Safari ya kwenda mjini haina mengi ya kuhadithia, ila joto. Mwongozaji mwenye uzoefu huitumia kwa chakula. Samaki wa kukaanga wa Kunduchi kwa ugali au chipsi, kisha daladala hadi Morocco, na toka hapo basi la mwendokasi hadi Kivukoni. Aghlabu watu hufika huko kama saa nane.

Kituo cha kwanza ni Boma la Kale, linaloitazama bandari. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sayyid Majid, nalo pamoja na Nyumba ya Atiman, iliyo hatua chache toka hapo, ndiyo majengo makongwe yaliyosalia katikati ya mji. Hapo mwongozaji huwaambia watu wafanye kama walivyofanya asubuhi: waweke viganja ukutani. Mahali plasta ilipoachwa wazi, vitundu ni vile vile. Ni tumbawe, limeungwa kwa chokaa, na ukiinua macho chumbani utaona boriti za mikoko zimelala dari nzima, zimekaribiana. Na upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa boriti moja, yaani kama mita mbili na nusu hadi tatu, ndiyo sababu nyumba za kale za mwambao, hata za matajiri, zina vyumba vyembamba kama ushoroba. Sultani mwenye mali yote ya karafuu za Unguja aliifuata sheria ya mkoko sawasawa na mzee wa Kunduchi aliyejenga msikiti karne tatu kabla yake. Watu wanaotoka mjini kwenda magofuni hawaligundui jambo hili, kwa sababu ukuta wa Boma umepakwa na kusafishwa, nao hawajui la kutafuta. Wanaotoka magofuni huligundua wenyewe, bila ya kuambiwa. Ndani ya jengo hili kimewekwa kituo cha urithi wa usanifu wa majengo wa Dar es Salaam, chenye ramani na picha za jinsi mji ulivyokua.

Majid hakuuona mji wake ukikamilika. Alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash, aliyemrithi, hakuwa na hamu na bandari hii. Nyumba zilizokwisha kujengwa, kwa jasho la watumwa na vibarua, zikaachwa ziote nyasi, na biashara ikabaki Bagamoyo. Kwa hiyo Dar es Salaam yenyewe ilikaribia kuwa gofu kabla haijawa mji. Kilichoiokoa ni kina cha bandari yake, ambacho Bagamoyo haina: Kampuni ya Wajerumani ilifungua kituo hapa mwaka 1887, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa toka Bagamoyo.

Nyumba ya Atiman inastahili kusimamiwa kwa dakika chache zaidi kuliko inavyopewa. Inasemwa kuwa Majid aliijenga kwa ajili ya wake wa nyumba yake, kisha ikapitia mikono ya Wajerumani hadi kuwa ya Mapadri Weupe, nao wakaipa jina la Adrian Atiman. Bwana huyo alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na mapadri huko Aljeria, akasomeshwa utabibu Malta, kisha akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880, akatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Nyumba ya Sultani ikapewa jina la mtu aliyekuwa mtumwa! Mwongozaji akiyasimulia haya vizuri hana haja ya kuongeza neno.

Makanisa mawili ya Kijerumani, la Azania Front la Walutheri na la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, lililojengwa baina ya mwaka 1897 na 1902, hupendwa na wapiga picha, nami sina ugomvi nayo. Yalijengwa kwa macho ya Ulaya, na minara yake mirefu ilikuwa alama kwa manahodha waliokuwa wakiingia bandarini. Lakini si hapo pa kukaa. Afadhali kupanda hadi kwenye sanamu ya Askari, katika makutano ya Barabara ya Samora na Maktaba, ambapo maelfu ya watu wa Temeke na Kinondoni hupita kila siku wakikimbilia kazini pasi na kuitazama.

Kabla ya sanamu hii palikuwa na nyingine. Wajerumani walisimamisha hapa mjini sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyevunja upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Wissmann alisimama juu, na chini yake, miguuni, palikuwa na askari Mwafrika aliyeinua uso kumtazama. Waingereza walipoutwaa mji mwezi Septemba 1916 waliiondoa. Baadaye ikarudishwa Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Mwaka 1927 Waingereza wakasimamisha sanamu ya shaba nyeusi iliyoko sasa, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Sasa askari yuko juu peke yake, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini, na chini yake maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Wapo wanaosema kuwa ni sanamu ya mkoloni na ingefaa iondolewe. Kwangu, mtu wa kwanza wa nchi hii kuinuliwa juu ya jiwe katikati ya mji, badala ya kuwekwa miguuni pa mwingine, aachwe alipo. Ila ningependa kibao kimoja kiongezwe cha kueleza zaidi habari za wapagazi, ambao walikufa kwa njaa na maradhi kwa wingi kuliko walivyokufa kwa risasi, na ambao hawakuinuliwa juu ya jiwe hilo.

Kutoka hapo kwenda Mnara wa Saa ni mwendo wa dakika chache katika Barabara ya Samora, nayo ndiyo barabara ya majuto kwa wapenda majengo, maana nyumba kadhaa za Kijerumani na za Kihindi, zenye roshani za mbao na tarehe zilizochongwa juu ya milango, zimekwisha kubomolewa na nafasi zake zikashikwa na maghorofa ya vioo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inalinda majengo na masalia ya zamani, lakini sheria haina mabavu mbele ya thamani ya kiwanja cha mjini. Magofu ya Kunduchi yaliokolewa na kutokuwa na faida: kwa muda mrefu hapana aliyeitamani ardhi yake. Sasa anayeitamani yupo, na ukuta wa uzio wa jirani umekwisha kusogea karibu.

Wakati ukiruhusu, matembezi yanaweza kumaliziwa Kariakoo na Mtaa wa Lumumba, ilipozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954, na wenye kurudi Kinondoni wanaweza kushuka Magomeni, kwenye nyumba ya kawaida kabisa aliyoishi Mwalimu Nyerere katika miaka ya 1950, ambayo sasa ni makumbusho. Nyumba hiyo haina nakshi wala mnara. Lakini ni mahali pekee katika safari yote ambapo nimeona wazuru wenyeji wakizungumza wao kwa wao badala ya kumsikiliza mwongozaji, kwa kuwa kila mmoja ana shangazi au babu aliyeishi katika nyumba ya vyumba sita kama ile, na mlango wa uani kama ule.

Adabu za safari hii ni chache, na sharti zitajwe. Kunduchi ni makaburi kabla ya kuwa kivutio: mavazi ya stara, sauti ya chini, na mguu usipande juu ya kaburi kwa ajili ya picha. Kipande cha kaure kilichoonekana mchangani kiachwe mchangani, hata kiwe kidogo kama ukucha, kwani mashimo yale ya nguzo yalianza na mtu aliyefikiri kuwa kimoja hakidhuru. Kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni, na stakabadhi idaiwe.

Watu wa Temeke huniuliza kwa nini upande wao hauna gofu la kwenda kulizuru, na jibu ni kuwa walikuwa nalo hadi Kigamboni ilipofanywa wilaya ya peke yake. Ng'ambo ya maji, kusini mwa Kivukoni, iko Mbuamaji, iliyokuwa bandari ya misafara katika karne ya 19, mahali penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya mawe. Ratiba za matembezi ninazozijua hazifiki huko, ingawa tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016 anayetoka Mbagala hahitaji tena kuja kungoja pantoni. Viwanja vya Kigamboni vinapimwa na kuuzwa kwa kasi, basi anayetaka kwenda asikawie. Aanze kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aombe mzee wa kumfuatisha, na avae viatu vya kupita vichakani.